Shajara ya mradi: Kunyoosha safu za majedwali katika daftari la wanachama, Masasi

Kazi ni ya chama cha msingi cha wakulima wa korosho, na inafanyika kwenye steshenari yetu hapa Masasi mjini. Kila kijiji kimeleta orodha yake ya wanachama, nasi tunatakiwa kuziunganisha ziwe daftari moja la kugawia pembejeo, lichapwe na kufungwa kabla wakulima hawajaanza kupuliza salfa. Mkorosho hausubiri. Ukianza kuchipua na kutoa maua, ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu ambao salfa huuzuia, nao unaingia, na mfuko wa salfa unaomfikia mkulima baada ya hapo haumsaidii sana.

Naandika hatua kwa hatua ili mwenye steshenari nyingine, au katibu wa chama anayechapa mwenyewe, aweze kufuata. Vifaa ni laptopu moja yenye Word 2016, nyingine ya zamani yenye LibreOffice, na printa nyeusi ya leza.

Jumatatu, Mei 6, 2024

Faili zote zimefika, nyingine kwa flashi, nyingine kwa WhatsApp. Mvua za kimbunga Hidaya zimeikata barabara ya Dar es Salaam upande wa Somanga, kwa hiyo karatasi nilizoagiza zimekwama huko. Kwa kuchapa tuna akiba ndogo tu, jambo lililonilazimu kukagua kila kitu kwenye skrini kwanza badala ya kuchapa na kutupa.

Nilizifungua faili moja baada ya nyingine na kuzibandika kwenye faili moja mpya. Matokeo hayatazamiki. Katika ukurasa wa kwanza safu ya jina ni pana na ya miti ni nyembamba. Ukurasa unaofuata jina limebanwa hadi linaangukia mstari wa pili, na safu ya simu imejitanua bila sababu. Kuna kijiji ambacho jedwali lake linatoka nje ya pambizo la kulia, na kingine ambacho katikati ya jedwali mistari ya wima inaruka: seli za juu ziko hapa, za chini zimesogea nusu sentimita.

Mwenyekiti wa chama, mzee wa makamo ya babu yangu, alipita kuangalia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hii karatasi imekunywa pombe ya mabibo?"

Nilicheka, lakini katibu aliyekuwa naye hakucheka. Akatoa daftari la msimu uliopita na kunionyesha. Siku ya kugawa, karani huweka rula juu ya karatasi na kushuka nayo jina kwa jina, huku akisoma namba kwa sauti. Jicho lake linazoea kwamba idadi ya mifuko iko mahali fulani. Akigeuza ukurasa na safu zimehama, pale palipokuwa na mifuko sasa pana idadi ya miti. Msimu uliopita ilitokea, foleni ikasimama, maneno yakawa mengi. Kwa hiyo kinachotakiwa hapa kinazidi kupendezesha karatasi: mifuko ikae mahali palepale kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Jumatano, Mei 8

Nilianza na njia ambazo kila mtu anazijua. Naziandika zote kwa sababu kila moja inafanya kazi kwa kiasi fulani, na hicho kiasi ndicho kinachopoteza muda.

Kuburuta mstari kwa mausi. Kwenye jedwali moja inawezekana. Kwenye majedwali mengi hutapata upana uleule mara mbili, hata ukishikilia kitufe cha Alt ili rula ikuonyeshe vipimo. Kuna mtego mbaya zaidi: ukiwa umechagua seli moja au mbili, halafu ukaburuta mstari wa pembeni yake, unasogea mstari wa seli hizo tu, zile za juu na chini zinabaki zilipo. Nina hakika ndivyo lilivyozaliwa lile jedwali la mistari inayoruka. Mchapaji wa kijiji alitaka kumpa nafasi mkulima mmoja mwenye jina refu, akasogeza seli yake peke yake.

Amri ya "Distribute Columns". Hii inagawa upana sawa kwa sawa. Safu ya namba ya mstari ikawa pana kama safu ya jina. Haifai kwa orodha ya watu.

"AutoFit Window". Majedwali yote yakaenea pambizo hadi pambizo, nikadhani tumemaliza. Lakini ndani uwiano wa safu ulibaki ule wa zamani, kila jedwali na wake.

"AutoFit Contents" ndiyo ya kukimbia kabisa. Hapo kila jedwali linajipima kwa maneno yake. Kijiji chenye mwanachama aitwaye jina refu lisilo na nafasi katikati kinapata safu pana, kingine kinapata nyembamba.

Nilijaribu pia brashi ya kunakili mwonekano, na mtindo wa jedwali. Vyote vinabeba rangi, unene wa mistari na herufi. Upana wa safu havibebi. Ukisikia mtu anakwambia tengeneza mtindo mmoja wa jedwali na kila kitu kitalingana, muulize kama amewahi kujaribu kwa safu.

Gharama hadi hapa ni umeme na muda tu. Hakuna kilichochapwa.

Ijumaa, Mei 10

Leo niliacha kuhangaika na menyu nikaenda kuangalia ndani ya faili. Faili ya docx ni kifurushi kilichobanwa. Muundo wake ulitangazwa kuwa kiwango cha ECMA-376 mwaka 2006 na baadaye ISO 29500 mwaka 2008, na mtu yeyote anaweza kuufungua. Nakili faili, badilisha mwisho wa jina uwe zip, ifungue, ingia folda ya word, na humo kuna document.xml. Ifungue kwa programu yoyote ya maandishi ya kawaida. Inatisha kidogo kwa kuitazama, lakini unatafuta maneno machache tu.

Nilichokuta ndicho kiini cha mradi mzima. Upana wa jedwali la Word umeandikwa sehemu tatu tofauti. Kuna upana wa jedwali zima, unaoitwa tblW. Kuna gridi, orodha ya safu na upana wa kila moja, inayoitwa tblGrid. Halafu kila seli, katika kila mstari, ina upana wake yenyewe, tcW. Vitatu hivi vinaweza kupingana, na kwenye faili zetu vinapingana. Juu ya hapo kuna kipengele cha nne, tblLayout. Kikiwa hakipo kabisa, Word inachukulia kwamba jedwali linaruhusiwa kujipanua kwa kufuata maneno, na namba zote zile zinageuka kuwa maombi, si amri. Karibu faili zote za vijijini hazikuwa nacho.

Namba zenyewe zimeandikwa kwa twipu. Inchi moja ina twipu 1440, sentimita moja ina takribani 567. Nilipojumlisha gridi za majedwali yaliyokuwa hayajaburutwa na mtu, zikajitokeza jumla zilezile: 9350, 9016, 9576 na 9242. Nikakaa na kikokotoo. Karatasi ya A4 ina upana wa twipu 11906. Toa pambizo za inchi moja kila upande, zinabaki 9026, na jedwali jipya la Word ya sasa huzaliwa na 9016. Karatasi ya Letter, ile ya Marekani, ina 12240, toa pambizo zinabaki 9360, jedwali huzaliwa na 9350. Maana yake baadhi ya wachapaji walikuwa wakifanya kazi kwenye ukurasa wa Letter bila kujua, kwa sababu kompyuta zao hazijawahi kubadilishwa mpangilio. Tofauti ni zaidi ya nusu sentimita. Ndiyo ile ya kutoka nje ya pambizo.

Na zile nyingine mbili? Word za zamani zilikuwa zinaweka maandishi ya seli sambamba na pambizo, mstari wa jedwali ukitokeza nje kwa sentimita 0.19 kila upande. Hizo ni twipu 108 kushoto na 108 kulia. Ongeza 216 kwenye 9026 unapata 9242, ongeza kwenye 9360 unapata 9576. Word kuanzia ya 2013 ikabadilisha, mstari wenyewe ndio unaokaa kwenye pambizo. Kwa hiyo nikiona tu jumla ya gridi najua faili ilizaliwa kwenye Word ya umri gani na karatasi gani.

Marekebisho ya leo ni madogo. Nimetengeneza faili mama mpya kwenye Word 2016, ukurasa A4, pambizo la kushoto sentimita 2.5 kwa ajili ya kufunga, kulia 1.5. Nafasi ya jedwali ni sentimita 17 kamili. Kila kijiji kitaingia humo, badala ya faili moja ya kijiji kugeuzwa kuwa mama. Mwanzo nilifanya hilo la pili, na faili nzima ikarithi ukurasa wa Letter na tabia za Word ya zamani.

Jumatatu, Mei 13

Intaneti imeanguka tangu jana nchi nzima, wanasema nyaya za chini ya bahari zimekatika. WhatsApp inasuasua, na kijiji kilichotaka kutuma orodha iliyosahihishwa kimemtuma kijana na bodaboda akiwa na flashi mfukoni. Kwetu kazi inaendelea, hakuna kinachohitaji mtandao.

Leo ilikuwa siku ya kusafisha, na imekula muda kuliko siku zote. Nilitaka kugeuza kila jedwali kuwa maandishi yenye tabo, kisha kuyarudisha kuwa jedwali jipya, ili vipimo vya zamani vipotee vyote. Njia ni nzuri. Inaharibika kwa vitu viwili.

Cha kwanza ni Enta ndani ya seli. Mchapaji akiona jina halitoshi anabonyeza Enta na kuendelea chini. Ukigeuza jedwali kuwa maandishi, kila Enta inakuwa mstari mpya, na ukirudisha, jina la baba la mkulima linakuwa mkulima mwingine asiye na miti. Dawa yake ni kuchagua jedwali lote kwanza, kufungua kisanduku cha kutafuta na kubadilisha, kutafuta ^p na kuweka nafasi moja. Alama ya mwisho wa seli haihesabiwi kuwa ^p, kwa hiyo jedwali halivunjiki. Rudia na ^l kwa wale wanaotumia Shift na Enta, kisha na ^t. Word ikimaliza itauliza kama iendelee na sehemu iliyobaki ya faili. Kataa, la sivyo itaunganisha na aya zako za nje ya jedwali.

Cha pili ni seli zilizounganishwa, na hapa ikabidi nimwite katibu. Wachapaji walikuwa wameandika jina la kijiji kama mstari wa jedwali, seli zote zikiunganishwa kuwa moja. Juu yake kulikuwa na kichwa cha ghorofa mbili: "Pembejeo" juu, chini yake "Salfa" na "Dawa ya maji". Kila palipounganishwa, hesabu ya safu inavurugika. Mstari mmoja una seli moja, mwingine mbili, mwingine nane, na kompyuta haijui tena safu ya tatu ni ipi.

Katibu hakupenda wazo la kuondoa kichwa cha ghorofa.

"Dada, watu wa wilayani wamezoea hicho kichwa. Wakikikosa watasema tumebadilisha fomu."

"Tutaandika Salfa mifuko, na Dawa lita. Kila moja kwenye seli yake. Maneno yaleyale, Katibu, tunaondoa dari tu."

Alifikiri, akakubali kwa sharti kwamba jina la kijiji lionekane kubwa juu ya kila orodha. Hilo ni jepesi: jina la kijiji limekuwa aya ya kawaida nje ya jedwali, na kila kijiji kina jedwali lake.

Halafu kulikuwa na vichwa vilivyochapwa kwa mkono juu ya kila ukurasa. Wachapaji walikuwa wakihesabu mistari, wanakata jedwali, wanabandika kichwa upya. Akiongezeka mkulima mmoja, kichwa kinajikuta katikati ya ukurasa. Zaidi ya hapo, kila kipande kilichokatwa ni jedwali jipya lenye upana wake, ndiyo maana safu zilihama hata ndani ya kijiji kimoja. Nimevifuta vyote, nimeunganisha vipande, na kwenye mstari wa kwanza wa kila jedwali nimewasha "Repeat Header Rows". Kichwa sasa kinajirudia chenyewe kila ukurasa.

Jumatano, Mei 15

Kupima. Nilichapa ukurasa mmoja tupu wenye mistari, nikachora kwa penseli, nikaandika jina refu kuliko yote tuliyonayo ili nione linahitaji nafasi gani. Kila seli inakula sentimita 0.19 kushoto na 0.19 kulia kabla hujaweka herufi hata moja, kwa hiyo safu ya sentimita 1.4 inakupa 1.02 tu ya kuandikia.

Mpango wa kwanza, jumla sentimita 17: Na. 1.1, Jina 5.2, Namba ya mwanachama 2.2, Miti 1.4, Salfa 1.4, Dawa 1.4, Simu 2.5, Sahihi 1.8.

Kwenye karatasi umeshindwa mahali pawili. Neno "mifuko" kwa herufi nene halikuenea kwenye 1.02, na kwa sababu jedwali sasa limekatazwa kujipanua, Word ililikata katikati: "mifuk" juu, "o" chini. Nimepunguza nafasi ya ndani ya seli iwe 0.1 kila upande, kupitia sifa za jedwali kisha chaguo za jedwali, na herufi za kichwa ziwe za ukubwa wa 10. Limekaa.

La pili ni sahihi. Wanachama wengi wazee wanaweka dole gumba. Sentimita 1.8 haitoshi, wino unaingia kwa jirani. Nilifikiria kugeuza karatasi ilale, lakini daftari lililolala halishikiki vizuri juu ya meza ndogo ya ghala. Tukaangalia safu ipi inaweza kuondoka, na jibu likawa simu. Siku ya kugawa salfa hakuna anayempigia mtu aliyesimama mbele yake. Tena daftari linapita mikononi mwa watu wengi, na namba za simu za wanachama wote hazina sababu ya kupita nalo. Simu zimebaki kwenye nakala ya ofisi.

Mpango uliokubaliwa: Na. 1.1, Jina 6.0, Namba 2.2, Miti 1.4, Salfa 1.4, Dawa 1.4, Sahihi 3.5. Jumla 17. Urefu wa mstari usiopungua sentimita 1.1, ili dole liwe na pa kukaa.

Jumamosi, Mei 18

Kuingiza vipimo saba kwa mkono kwenye majedwali yote ni adhabu, na mwishowe utakosea moja. Word ina uwezo wa makro, amri ndogo unayoiandika mara moja. Bonyeza Alt na F11, ingiza moduli (ukurasa wa kuandikia amri) kwenye Normal, kiolezo cha kawaida cha Word, andika.

Jaribio la kwanza lilipanga safu kwa safu, kwa jedwali.Columns(1).Width na wenzake. Kwenye majedwali yaliyo safi lilienda haraka. Likafika kwenye jedwali la mistari inayoruka, likasimama na kosa namba 5992: safu haziwezi kufikiwa kwa sababu jedwali lina seli za upana mchanganyiko. Yaani makro inakataa kutibu ugonjwa uleule iliyoletwa kuutibu. Ukikutana na 5991, hiyo ni ndugu yake, inahusu seli zilizounganishwa kwenda chini.

Njia inayopita ni kwenda seli kwa seli:

Sub PangaUpana()
Dim jedwali As Table, seli As Cell, upana
upana = Array(1.1, 6, 2.2, 1.4, 1.4, 1.4, 3.5)
Application.ScreenUpdating = False
For Each jedwali In ActiveDocument.Tables
jedwali.AllowAutoFit = False
jedwali.PreferredWidthType = wdPreferredWidthAuto
For Each seli In jedwali.Range.Cells
seli.Width = CentimetersToPoints(upana(seli.ColumnIndex - 1))
Next seli
Next jedwali
Application.ScreenUpdating = True
End Sub

Mstari wa AllowAutoFit ndio unaoandika ile tblLayout iliyokosekana. Unaofuata unafuta upana wa jedwali zima uliobaki kutoka siku za "AutoFit Window", usije ukavutana na seli. Kuzima skrini kunasaidia kasi, maana seli ni nyingi na laptopu hii si kijana. Hata hivyo inachukua muda wa kutosha kunywa kahawa.

Makro ikikuta seli ya nane kwenye mstari wowote inasimama na kosa namba 9. Nimeiacha hivyo kwa makusudi. Mara zote iliposimama, palikuwa na seli iliyogawanywa au iliyoponyoka usafi wa Mei 13, na ni bora isimame nione kuliko ipite kimya. Ikisimama, skrini inaweza kuonekana imeganda. Funga kisanduku cha kosa, rekebisha seli hiyo, iendeshe upya. Na kabla ya yote, hifadhi nakala ya faili.

Baada ya hapo nilirudi kwenye document.xml kuhakiki. Gridi zote sasa zina namba zilezile, na seli zinakubaliana nazo.

Jumanne, Mei 21

Karatasi zimefika kutoka Mtwara mjini badala ya Dar, ghali kidogo. Kabla ya kuchapa nilifungua faili kwenye laptopu ya LibreOffice. Hii ni hatua ninayoishauri hata kama hutumii LibreOffice kwa kazi nyingine, kwa kuwa Writer, programu yake ya kuandikia, haitanui safu yenyewe kufuata maneno. Inasoma upana ulioandikwa na kuufuata. Faili ya zamani ilionekana huko tofauti kabisa na kwenye Word. Ya sasa inafanana, mstari kwa mstari.

Kwenye simu ya katibu safu zilikaa sawa lakini kurasa zilihama, kwa kuwa simu haina aina ya herufi tuliyotumia. Kwa hiyo kinachosafiri kwenda kwa mtu yeyote ni PDF. Faili ya Word inabaki hapa.

Kwenye nakala ya majaribio lilijitokeza jambo moja tu: mkulima wa mwisho wa ukurasa alikatwa, nusu ya mstari wake chini ya ukurasa huu na nusu juu ya unaofuata. Chagua jedwali lote, sifa za jedwali, mistari, ondoa alama ya kuruhusu mstari kukatika kati ya kurasa. Nimechapa, nimefunga kwa spirali, katibu amelaza rula na kufunua kurasa haraka haraka huku ameangalia safu ya salfa. Haikuhama.

Alhamisi, Mei 30

Daftari limeanza kutumika vijijini. Karani amesema mistari mirefu imewafaa wa dole gumba, ila ameomba mistari mitupu mwishoni mwa kila kijiji kwa waliosahaulika. Imeongezwa kwenye faili.

Kijiji kimoja kimeleta majina ya nyongeza kutoka simuni, na mhudumu wetu akayabandika moja kwa moja. Yakaja na upana wake wa kule yalikotoka, jedwali likaanza tena kuyumba. Makro imelinyoosha, lakini kwa anayefuata shajara hii: bandika kwa "Keep Text Only" kwenye seli zilizopo tayari.

Gharama kamili, kwa shilingi: rimu mbili za karatasi 28,000, kujaza wino 25,000, spirali na majalada 12,000, bodaboda ya flashi 6,000, umeme sijautenga. Jumla 71,000. Tulikubaliana na chama 150,000 kwa kazi yote, nakala za ziada wanalipia kwa ukurasa. Kwa saa nilizotumia wiki ya kwanza si faida ya kujivunia. Orodha ya pili ya aina hii itakuwa na faida, kwa sababu makro ipo.

Hatua inayofuata ni ya Oktoba, korosho zitakapoanza kuingia ghalani na minada kufunguliwa. Orodha ya mapokezi ina safu kumi na moja, zikiwemo kilo, idadi ya magunia, daraja na namba ya stakabadhi, na hiyo haitaenea kwenye sentimita 17. Karatasi itabidi ilale, sentimita 29.7 kutoa pambizo, na vipimo vipya vya Array. Nitaviandika hapa vikishapimwa kwenye karatasi.